Jumba la jiji la zamani la Cape Town: tulisome jiwe kwa jiwe, sisi tuliofikiwa na reli yake

Mleta uzi (Lubumbashi)

Wandugu wa Lubumbashi, pamoja na ninyi mnaotusoma kutoka Likasi, Kolwezi na mbali zaidi, salamu kwenu nyote.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tulilelewa Kamalondo, karibu na njia ya treni. Alizoea kutuambia kwamba chuma kile kinachopita nyuma ya nyumba kinaanzia baharini, Cape Town, na kwamba mji wetu haukuwa na mlango mwingine mkubwa zaidi ya huo wakati ulipoanza. Treni ya kwanza iliingia hapa tarehe 27 Septemba 1910, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, baada ya reli kupita Kimberley, Bulawayo, daraja la Victoria Falls na Sakania. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1905, na mwaka huohuo, kule reli inakoanzia, likafunguliwa jengo ambalo nataka tulizungumzie.

Mwaka jana nilikwenda Cape Town kumtembelea mdogo wangu anayeuza vinyago huko. Nilidhani nitaitazama stesheni, nitapiga picha moja kwa kumbukumbu ya mzee, kisha basi. Badala yake nilisimama karibu asubuhi nzima katika mtaa wa Darling, mwendo mfupi tu kutoka stesheni, mbele ya jumba la jiji la zamani, yaani meri kama tunavyosema sisi. Tangu siku hiyo sijaacha kulisoma. Ofisi za jiji zilihama kutoka humo mwishoni mwa miaka ya 1970, zikaenda kwenye ghorofa refu la zege lililojengwa upande wa bandari, juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini. Jengo lililopoteza wenyewe kwa namna hiyo kwa kawaida hugeuka ghala au gofu. Hili halikugeuka hivyo, na sababu yake nadhani imo katika namna lilivyojengwa tangu mwanzo. Hilo ndilo neno langu katika uzi huu, nami naomba mnivumilie kwa maana haliwezi kusemwa kwa mistari mitatu.

Nianze na meri iliyotangulia, kwa sababu hili la 1905 haliwezi kueleweka pasipo lile lililolizaa. Katika uwanja wa Greenmarket, ambapo leo wauza vinyago wengi ni ndugu zetu Wakongo, pako jengo jeupe la enzi ya Waholanzi liitwalo Old Town House. Mwaka 1696 palikuwa na nyumba ya chini ya walinzi wa raia, watu waliopewa zamu ya kuzunguka mji usiku. Nyumba hiyo ilibomolewa, na kuanzia mwaka 1755 likajengwa jengo la ghorofa lililopo mpaka sasa, lenye matao matatu mbele ya mlango, roshani juu yake, na kuta zilizopakwa chokaa. Mapambo yake ni ya mtindo wa rokoko wa Rasi, yaani eneo la Cape: mistari inayojikunja kama wimbi, nakshi nyepesi za plasta, hakuna kitu kizito. Cape Town ilipopewa baraza la mji mwaka 1840, wajumbe walikaa humo, nao wakabaki humo kwa miaka 65. Fikirini kuhusu hilo: nyumba ya walinzi wa usiku ikawa nyumba ya serikali ya mji. Utawala wa mji ulianza kwa kushika taa na kutazama wezi, kisha ukaongezewa maji, barabara, taka na kodi.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, almasi ya Kimberley na dhahabu ya Witwatersrand vilikuwa vimeligeuza Rasi kuwa lango la utajiri, na nyumba ya walinzi ilikuwa imekwisha kuwa ndogo. Wakubwa wa mji walitaka jengo ambalo mtu akishuka melini aone kwamba amefika mahali penye mamlaka. Kazi ya kulichora walipewa Harry Austin Reid na Frederick George Green, wasanifu waliokuwa na ofisi yao Johannesburg. Walichagua mtindo wa majumba ya Italia ya enzi ya Mwamko (Renaissance), kama Waingereza wa wakati wa Mfalme Edward walivyopenda kuufufua kwa ajili ya benki, stesheni na mahakama.

Uso wa jengo ndio ulionishika. Unatazama uwanja mpana wa Grand Parade, ambao ni mahali pakongwe kuliko karibu kila kitu mjini: hapo ndipo Mholanzi Jan van Riebeeck alipojenga ngome yake ya kwanza ya udongo mwaka 1652, kabla ya ile ngome ya mawe yenye pembe tano kuanza kujengwa mwaka 1666. Jengo limekaa upande mmoja wa uwanja kama mzee aliyekaa kwenye kichwa cha meza. Ghorofa ya chini imejengwa kwa mawe makubwa ambayo viungo vyake vimechimbwa kwa kina, ili kila jiwe lionekane peke yake na kivuli chake. Jicho linaambiwa kwamba hapa chini pana nguvu. Juu yake mambo yanalegea na kupendeza: madirisha yenye matao, nguzo za duara mahali penye heshima na nguzo bapa zilizoshikana na ukuta mahali pengine, kisha ukingo mzito uliotokeza mbele, na juu kabisa kizuizi cha vijiguzo vidogovidogo vinavyoficha paa. Katikati, juu ya mlango mkuu, pametokeza roshani. Nyuma yake unapanda mnara wa saa wenye urefu wa kama mita 60, na nyuma ya mnara umesimama mlima wenyewe, Table Mountain, umelala bapa kama ubao. Nadhani hakuna msanifu aliyepewa ukuta wa nyuma mzuri kama huo, naye aliuheshimu, kwa sababu mnara unasimama wima mbele ya mstari ulionyooka wa mlima na vyote viwili vinapendezana.

Nitaendelea na ya ndani jioni. Kama kuna mtu wa ujenzi humu, naomba anisaidie kuhusu mawe.

---

Mchangiaji, fundi mwashi (Bukavu)

Aksanti kwa uzi huu, yaya, yaani mkubwa wetu. Mimi ni mwashi, nimefanya kazi ya mawe miaka mingi hapa Bukavu, ambapo tunajengea jiwe jeusi la volkano na matofali. Nimetazama picha za jengo unalolisema, na rangi yake ni ya asali. Je, hilo ni jiwe la hapohapo? Kwa maana mlima ule wa nyuma yake ni wa kijivu, na mawe mawili yenye rangi zisizofanana hivyo hayawezi kuwa yametoka shimo moja.

---

Mleta uzi

Umeliona haraka kuliko mimi, ndugu fundi. Jiwe hilo lililetwa kwa meli kutoka Uingereza, katika machimbo ya sehemu za mji wa Bath. Ni jiwe la chokaa lililofanyika chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ukilikaribia utaona kwamba limeundwa kwa punje ndogo za mviringo zilizogandamana, mfano wa mayai ya samaki. Wachongaji wanalipenda kwa sababu halina mshipa wa kupasukia: unaweza kulikata upande wowote unaotaka. Tena linapotoka ardhini lina unyevu ndani yake na ni laini, kisha linakauka na kuwa gumu juu kadiri linavyokaa hewani. Mlima wa Cape Town, kwa upande wake, ni wa mawe ya mchanga yaliyoshikana kwa ugumu sana, na chini yake kuna itale. Hayo ni mawe mazuri ya kujengea ngome. Lakini mtu aliyetaka majani, mashada na mikunjo ya ukingo hadi kwenye ghorofa ya juu asingemaliza haraka kwa kuvipiga patasi kwenye itale.

Iko pia sababu ya moyo. Jiwe la Bath ndilo jiwe la heshima katika miji mingi ya kusini mwa Uingereza. Kulisafirisha baharini maelfu ya kilomita, mpaka kwenye mguu wa mlima ambao wenyewe ni jiwe, kulikuwa ni kutangaza kwamba mji huu ni wa nani. Mimi husoma hilo kama sehemu ya maandishi ya jengo, hata kama hakuna herufi iliyochongwa.

---

Mchangiaji, fundi mwashi (Bukavu)

Sasa naelewa. Basi niongeze jambo moja la kazi kwa faida ya wote. Jiwe la chokaa la aina hiyo lina maadui wawili: chumvi na moshi. Chumvi ya bahari huingia na unyevu kwenye matundu ya jiwe, maji yakikauka chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele inavimba na kusukuma, na uso wa jiwe unatoka kama magamba. Moshi wa makaa na magari ukichanganyika na mvua unakuwa tindikali inayolila jiwe taratibu, na nakshi nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Kosa baya zaidi ambalo watu hufanya kwa nia njema ni kuziba nyufa kwa saruji au kupaka rangi ya mafuta. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, nayo haipumui, kwa hiyo maji yanakwama ndani na kutafuta njia kwa kuvunja jiwe lililo pembeni yake. Dawa ni chokaa kwa jiwe la chokaa, na mkono wenye subira.

Nilisema haya kwa sababu nimeona pia matofali mazuri ya zamani, hapa kwetu na huko Lubumbashi, yakifunikwa kwa plasta ya saruji ili nyumba ionekane mpya. Baada ya misimu michache ya mvua plasta inabanduka na kuondoka na uso wa tofali.

---

Mleta uzi

Maneno yako ya mwisho nimeyaandika kwenye daftari langu. Matofali ya mji wetu wa zamani mengi yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu virefu vya mchwa ambavyo Katanga imejaa, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchekecha udongo huo na kuuacha laini na wenye kushikana. Cape Town waliagiza jiwe kutoka ng'ambo. Sisi mji wetu ulichomwa kutoka kwenye nyumba za mchwa. Ningependa siku moja mtu aandike historia ya Lubumbashi kwa kuanzia tofali.

Niingie ndani sasa, kama nilivyoahidi.

Mtu akipita mlango mkuu anapokelewa na ngazi za marumaru na sakafu ya mozaiki, na kwa muda anasahau kelele za uwanjani. Ukumbi wa kuingilia umekusudiwa kumpunguza mtu mwendo: ngazi ni pana kuliko haja ya miguu, na dari iko juu kuliko haja ya kichwa. Lakini moyo wa jengo ni ukumbi mkuu. Hapa ndipo Reid na Green walipofanya jambo ambalo naliona la busara kuu. Jumba la jiji lingeweza kuwa ofisi tupu na chumba cha baraza. Wao, kwa desturi ya miji ya Uingereza ya wakati ule, walilijenga jengo zima kuzunguka ukumbi wa muziki na mikutano, wenye jukwaa, roshani za ndani na kinanda kikubwa cha mabomba. Kinanda hicho kilitengenezwa na kampuni ya Norman & Beard kwa mpango uliochorwa na George Martin, aliyekuwa mpigaji kinanda wa kanisa kuu la St Paul's huko London, na kina mabomba zaidi ya 3,000. Mabomba marefu kupita mtu yanatoa sauti ambayo inasikika kifuani kabla ya masikioni, na madogo kabisa ni kama kalamu ya risasi.

Mwaka 1914 jiji likaanzisha okestra yake, ikapiga humo. Angalieni mpangilio wa mambo: kwa miaka zaidi ya 60, mtu wa mji angeweza kwenda kwenye jengo lilelile mchana kulipa kodi na usiku kusikiliza muziki. Ofisi zilipoondoka, muziki haukuwa na sababu ya kuondoka. Okestra ya Cape Town inapiga humo mpaka leo. Ndiyo maana nilisema sababu ya jengo kuokoka imo katika ramani yake ya kwanza: lilikuwa na kazi mbili, na moja ilipokwisha nyingine ilikuwa tayari imeshika mizizi.

---

Mchangiaji (Katuba)

Mwalimu, tunakufuata neno kwa neno. Nina ombi kuhusu mnara. Mimi ni mpiga ngoma wa kwaya na nimesikia kwamba mnara huo una kengele nyingi kuliko kengele za saa. Zinafanya kazi gani?

---

Mleta uzi

Swali zuri. Saa yenyewe hupiga robo na saa nzima, na husemwa kwamba ilitengenezwa kwa mfano wa ile ya Big Ben ya London kwa nusu ya ukubwa wake. Lakini mwaka 1925 mnara uliongezewa kengele za kupigwa kama ala ya muziki, kwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Leo zipo kengele 39. Ala hiyo inaitwa karilioni, na asili yake ni katika miji ya Flandria, kule Ubelgiji na Uholanzi, kwa hiyo Wabelgiji waliokuja kwetu waliijua vizuri makwao. Mpigaji hukaa mnarani mbele ya safu za vijiti vya mbao, anavipiga kwa ngumi akisaidiana na miguu, na kila kijiti kimefungwa kwa waya kwenye ulimi wa kengele yake. Kengele hazibembei. Ni ulimi ndio unaosogea. Wewe mpiga ngoma utaelewa kwa nini mpigaji wa karilioni anaweza kupiga kwa upole au kwa nguvu, jambo ambalo saa haiwezi.

---

Mchangiaji (Kampemba)

Naomba radhi kwa kuingia na neno zito. Yote haya ni mazuri, yaya, lakini jengo hilo lilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wakoloni. Mtu mweusi wa Cape Town ya mwaka 1905 hakujengewa roshani ile. Kwa nini tulisifu? Kwetu pia tuna majumba ambayo babu zetu waliyabebea matofali na hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele.

---

Mleta uzi

Ndugu wa Kampemba, neno lako nililitarajia, na ni la haki. Sitalijibu kwa haraka.

Kwanza ni kweli tupu. Jengo lilikuwa sauti ya dola. Nyuma yake kidogo, upande wa mashariki, palikuwa na mtaa wa District Six, ambamo waliishi watu wa kila asili, wazao wa watumwa, Waislamu, Wayahudi, Waafrika, mafundi, wabeba mizigo ya bandari. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba mtaa huo ni wa Wazungu tu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, wakatupwa kwenye nyanda za mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikabomolewa. Saa ya mnara iliendelea kupiga muda wote huo. Sina neno la kupunguza ukweli huu.

Lakini jengo lina roshani, na roshani ni kitu cha hatari kwa aliyeijenga. Ilitengenezwa ili mkubwa asimame juu na watu wasimame uwanjani chini yake. Aliyeichora hakuweza kuamua ni nani atakayekuja kuwa mkubwa huyo, wala watu watakaojaa uwanja watakuwa wa rangi gani. Tarehe 13 Septemba 1989, baada ya polisi kuua watu wakati wa uchaguzi ambao Waafrika weusi hawakuruhusiwa kupiga kura, Askofu Mkuu Desmond Tutu aliongoza maandamano ya watu wapatao 30,000 kutoka kanisa kuu la St George mpaka hapo, na meya wa jiji, Gordon Oliver, alitembea pamoja nao. Roshani ilianza siku hiyo kubadili mwenyewe.

Kisha ikaja ile siku ambayo wengi wetu tuliisikia redioni tukiwa watoto. Nelson Mandela alitoka katika gereza la Victor Verster, karibu na Paarl, alasiri ya tarehe 11 Februari 1990, baada ya miaka 27 ya kifungo. Tazameni tarehe: ni siku ileile iliyotajwa juu, ya District Six, miaka 24 baadaye. Watu walikuwa wamejaa Grand Parade tangu asubuhi, wengine wamepanda juu ya kila kitu kinachopandika, na gari lilimokuwa Mandela lilishindwa kupenya umati. Jua lilikuwa linazama alipotokea kwenye roshani. Miwani yake ilikuwa imesahauliwa gerezani, akasoma hotuba kwa miwani ya mkewe Winnie. Aliwaambia kwamba anasimama mbele yao si kama nabii bali kama mtumishi wao mnyenyekevu. Kijana aliyemshikia kipaza sauti alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa migodi, Cyril Ramaphosa.

Mandela alirudi kwenye roshani hiyohiyo tarehe 9 Mei 1994, siku ambayo bunge lilimchagua kuwa rais. Na hapa kuna jambo linalonisisimua kila ninapolisimulia: bunge la Afrika Kusini liliungua moto Januari 2022, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kufaa, rais alihutubia taifa tarehe 10 Februari 2022 ndani ya ukumbi wa jumba hilo la zamani. Rais huyo alikuwa Ramaphosa, aliyeshika kipaza sauti nje, juu ya mlango uleule, miaka 32 kasoro siku moja kabla ya hapo.

Tangu mwaka 2018 ipo sanamu ya Mandela kwenye roshani, kazi ya Xhanti Mpama na Barry Jackson, yenye kimo cha mtu wa kawaida. Haikuwekwa juu ya nguzo ndefu. Imesimama pale alipokuwa amesimama mwenyewe, kati ya nguzo za jiwe la Bath, na mtu aliye uwanjani anaitazama kutoka pembe ileile waliyomtazamia watu wa 1990. Kwa hiyo, ndugu yangu, ninaposifu michongo ya jengo hilo, nasifu pia mikono iliyolinyakua. Babu zetu waliobeba matofali wana haki juu ya majumba yao, na haki hiyo haitumiki kwa kuyaacha yaanguke.

---

Mchangiaji (Kampemba)

Nimekubali sehemu yako ya roshani. Kuhusu babu zetu, bado nasubiri siku tutakayoandika majina yao kwenye ukuta fulani. Lakini endelea.

---

Mleta uzi

Na mimi nasubiri pamoja nawe. Ukuta huo tukiupata, nitakuwa wa kwanza kuleta jina la babu yangu.

Nirudi kwetu, kwa sababu ndipo nilipokuwa naelekea. Sote tunalijua jengo la 30 Juin, lile lenye uso uliopinda, katikati ya mji. Wengi wa vijana wetu wanalijua kama nyumba ya bunge la jimbo. Lilijengwa katika miaka ya 1950 kama teatro ya mji, na msanifu wake alikuwa Claude Strebelle. Jukwaa, viti vilivyopangwa kwa mteremko, sauti iliyopimwa ili mnong'ono ufike nyuma: vyote vilikusudiwa michezo na muziki, kisha vikatumiwa na siasa.

Linganisheni miji hii miwili iliyounganishwa na reli moja. Cape Town, nyumba ya siasa ilibaki mikononi mwa wanamuziki. Lubumbashi, nyumba ya michezo ilipewa wanasiasa. Simlaumu mtu, kwa kuwa nchi changa ilihitaji mahali pa kukaa na kuamua mambo yake, na ukumbi mzuri ulikuwapo. Ninachokisikitikia ni kwamba kazi ya pili iliifukuza ya kwanza. Watoto wetu wanaocheza teatro mashuleni, wale wa kwaya, wale wa okestra za parokia, wanatafuta salle za kukodi na makanisa. Jumba la Cape Town linaweza kupokea hotuba ya rais wiki hii na okestra wiki ijayo, na hakuna anayeona ajabu, maana hakuna aliyelifungia kazi moja. Kama ingekuwa juu yangu, ningeomba kwamba katika majengo yetu yote ya zamani ya serikali, ukumbi uachwe wazi kwa watu wa mji kwa siku maalumu za mwaka, kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, ili jengo lizoeane na miguu ya wenyeji wake. Jengo ambalo watu wameimba ndani yake wataliuliza habari likianza kuvuja. Jengo ambalo wameliona kwa nje tu, lenye askari mlangoni, litavuja kimya.

Na kwa upande wa mapambo, nawaomba wenye majumba ya zamani katikati ya mji wetu: kabla hamjaondoa ukingo, nakshi ya plasta au mlango wa mbao za mvule kwa sababu umepitwa na wakati, mwiteni mtu kama ndugu yetu fundi wa Bukavu autazame kwanza.

---

Mchangiaji, fundi mwashi (Bukavu)

Nitakuja. Nauli ya mashua na basi nitajitafutia, ninyi nitafutieni chokaa iliyozimwa vizuri.

---

Mchangiaji (Cape Town)

Shikamoo yaya. Mimi ndiye mdogo wako, nimeusoma uzi wote kwa simu hapa sokoni, kati ya wateja.

Naomba niongeze kitu ambacho hukukiona ulipokuja, kwa sababu siku zote mbili ulikuwa kwenye mtaa wa Darling. Lile jengo jeupe la walinzi, meri ya zamani kabisa, liko ng'ambo ya mawe ya uwanja tunapopanga vinyago. Pale mlangoni pake, sakafuni, pana duara. Wazee wa soko walinieleza kwamba ni alama ambayo umbali wote wa kwenda na kutoka Cape Town ulikuwa ukipimwa kutoka hapo, na baadaye nimelikuta jambo hilo limeandikwa pia. Kila jiwe la maili kwenye barabara za zamani lilihesabu kutoka kwenye duara hilo.

Tangu nifike hapa nimekuwa nikifungua meza yangu asubuhi hatua chache kutoka hapo, nikipanga vinyago vilivyotoka kwetu. Ukija tena, usianzie stesheni. Njoo kwanza hapa nikuoneshe.

---

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Nitakuja mwezi wa saba, Mungu akipenda. Piga picha ya duara hilo asubuhi, kabla watu hawajajaa, uitume humu.